Kiondo cha Simu

Siku yangu ya kwanza kazini, mtu aliyenijua tangu nikiwa mtoto alinizuia getini na kuniuliza mimi ni nani. Aliitwa Mutinda, askari wa ghala la ushirika wetu wa wakulima pale Sultan Hamud, na Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumekaa benchi moja kanisani tukiimba. Nikamwambia, "Mzee Mutinda, si ni mimi, Ndunge?" Akanitazama juu mpaka chini. "Kanisani nakujua," akasema. "Hapa kwa geti sikujui. Barua yako ya kazi iko wapi?" Nilikasirika, wacha tu. Nilimpa barua, akaisoma polepole kama anayesoma Zaburi, ndipo akafungua. Nilipoanza kuelekea ghalani akaniita tena: "Wee! Kuingia geti si kuingia stoo. Ya stoo ni ruhusa ingine."

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, mliponiomba niwaandikie yale niliyoyaona, nilijiuliza nianzie wapi. Basi nimeanzia kwa Mutinda, kwa sababu yale mliyosomea chuoni miaka minne, yeye aliyasema kwa pumzi moja akiwa ameshika rungu. Kwanza mtu athibitishe yeye ni nani. Halafu ndiyo uulize anaruhusiwa kufanya nini. Hayo ni mambo mawili, na mkiyachanganya mtalia. Mambo ya vyeo sitayagusa, na mshahara mnaujua, maana hata wenu ni ule ule.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mzee Kimeu, Mungu amlaze pema. Alianza maisha kwa kutengeneza redio, na alipoletewa kompyuta aliitendea kama redio kubwa. Asubuhi alikuwa akiipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. "Ndunge," alikuwa akiniambia, "kompyuta haina roho mbaya. Ina uchafu tu." Nilicheka wakati huo. Baadaye niliona mashine nyingi za vituo vyetu vya Kitui, ng'ambo ya mto Athi, zikifufuka kwa pampu, na nikaacha kucheka.

Chini yake niliandika programu yangu ya kwanza ya kuingilia kwenye mfumo. Niliiandika yote kwa mkono wangu: jina, paswadi, kila kitu. Nilijisikia mtu mkubwa. Kisha makarani wa vituo wakaanza kuchagua paswadi, na kila mmoja akaandika jina la kifungua mimba wake. Soko zima la Kambu lilijua majina ya watoto hao. Karani mmoja aliandika ya kwake kwa makaa ukutani, juu ya mizani, ili asiisahau. Wengine waliisahau kila wikendi, na Jumatatu simu yangu haikunyamaza. Nilipomlalamikia Mzee Kimeu, akasema, "Mlango umejenga mwenyewe, basi utaulinda mwenyewe." Hakunionea huruma hata kidogo.

Ndiyo maana ilipokuja huduma ya utambulisho ya mtandaoni, mimi sikupinga kama wengine. Mashine za watu wengine, mbali huko, zingetunza paswadi zetu na kutuma namba ya siri kwa simu ya mwanachama anapotaka kuingia aagize mbegu. Kazi yetu ikawa kuzungumza nayo kwa kutumia maktaba yake, yaani kodi, si ile ya serikali bali maandishi ya programu, iliyokwisha andikwa na wenye huduma, ambayo unaiweka ndani ya programu yako na kuiita kwa amri chache. Mfungulie mtu huyu akaunti. Mtafute kwa namba yake ya simu. Kagua tokeni aliyoleta. Mpe ruhusa hii. Mfungie. Tokeni ni kile kikaratasi ambacho Mutinda angekupa getini: kimeandikwa wewe ni nani na kinaisha saa ngapi. Maktaba ndiyo inayokisoma na kusema ni cha kweli au ni cha kughushi. Nilipoita amri ya kwanza na ikajibu, nilipiga makofi peke yangu chumbani, na mhasibu akaja kuuliza kama nimeshinda kitu.

Msidhani mambo yalikuwa laini. Kulikuwa na juma ambalo kituo cha Kambu kilikataa kabisa kupokea wanachama. Tokeni ni nzuri, mtandao upo, lakini maktaba inasema tokeni hii imetumika kabla ya wakati wake. Kabla ya wakati wake vipi? Nilisoma kodi yangu mpaka macho yakauma. Nilibadilisha hiki, nikarudisha kile. Mwishowe nikafunga safari, nikaingia ofisini Kambu, nikatazama kona ya chini ya skrini. Saa ya kompyuta ilikuwa miaka ya nyuma huko. Umeme ulikuwa umekatika, betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na mashine ilipowaka ikaamini kwamba dunia inaanza upya. Kwa hesabu yake, tokeni zote zilitoka siku ambazo hazijafika. Nilinunua betri dukani hapo kando ya barabara na kazi ikaendelea. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia mfumo umemkataa, kwanza namwuliza, "Saa yako inasema saa ngapi?" Mwanzia alikuwa akinicheka, mpaka ikamsaidia mara ya kwanza.

Mwanzia mnamfahamu, ndiye mkubwa wenu sasa. Alikuja kwetu akiwa amehitimu vizuri, kodi yake safi kama sahani ya mgeni, na aliniita Madam hata tukiwa tunabishana. Nilimfunza machache. Ule ufunguo wa siri ambao programu yetu hujitambulisha nao kwa huduma usiwekwe pamoja na kodi hata siku moja, hata kwa dakika. Soma maelezo ya toleo jipya la maktaba kabla ya kulipandisha, si baada ya kulia. Na ukimfungia mtu akaunti, usidhani umemtoa ndani. Tokeni aliyo nayo mkononi bado itafanya kazi mpaka imalize saa yake moja, isipokuwa umezifuta tokeni zake na programu yako inakagua kama zimefutwa. Hili la mwisho alilishika vizuri sana, na nitawaambia lilivyonirudia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu kama mtasahau mengine yote, hili msilisahau.

Pale Mtito Andei, ambapo malori hulala na kila mtu ni mpita njia, mzee mmoja mwanachama wetu alipigiwa simu na kijana aliyejiita mtu wa ofisi. Akaombwa ile namba ya siri iliyotumwa kwa simu yake. Akaitoa. Kijana akaingia kwenye akaunti, kama alivyoingia kwenye za wengine kadhaa asubuhi hiyo hiyo, akaagiza mbegu za mzee za ndengu, yaani choroko, akazichukua kituoni na kupotea nazo. Mvua ikanyesha na mzee hana cha kupanda. Alikuja mpaka ofisini kwa Meneja, akakaa kwenye kiti, akalia kama mtoto. Mimi nilikuwapo. Mzee wa miaka ile kulia mbele ya watu si kitu unachosahau.

Baada ya hapo tulibandika karatasi kubwa katika kila kituo. Maneno yake niliyatunga mimi: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA YAKO YA SIRI. Na Meneja akamwomba Mwanzia aweke ulinzi. Mwanzia akaandika mistari michache: simu moja ikiingia kwenye akaunti za watu wengi kwa muda mfupi, mfumo uite ile amri ya kufungia, na akaunti zote hizo zifungwe papo hapo. Mzee wa Mtito Andei angekuwa na ulinzi huo, mbegu zake zisingeenda.

Msimu uliofuata, mvua za mwezi wa kumi na moja zikiwa zimekaribia na wanachama wakiagiza mbegu, ulinzi ukanasa. Ukanasa akaunti za kikundi kizima cha wanawake huko ndani, kupita Kambu. Simu moja ilikuwa imewafungulia wote asubuhi moja. Ilikuwa simu ya mwanachama aitwaye Mama Kasiva. Kufikia saa sita mchana Kambu yote ilikuwa inasema Kasiva ni mwizi wa mbegu. Kamati ikapanga kukaa Ijumaa ili imfute uanachama.

Alinipigia mwenyewe. "Madam wa kompyuta? Bwana asifiwe."

"Amina, mama."

"Mimi ni Kasiva. Mmenifungia."

"Mama, ulifungua akaunti za watu wengine."

"Ndiyo, nilifungua," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Sauti yake haikuwa na hofu wala ujanja, na hapo roho yangu ikaanza kunisumbua. Nimezungumza na wezi kadhaa kwa simu katika kazi hii, na wote huwa na maelezo marefu. Nikaenda kwa Meneja nikamwambia nataka kwenda kuona kwa macho yangu. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. "Nenda, Madam," akaniambia. "Sitaki kumfukuza mama wa watu bure. Lakini yule mzee ulimwona akilia."

"Nilimwona."

"Basi ukienda, mkumbuke na yeye."

Njia niliijua, kwa maana shamba la marehemu mume wangu liko bonde hilo hilo, limekaa miaka bila mtu, maji ya mvua yakilitafuna. Niliwakuta wanawake mlimani wakichimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu ili ukinge maji. Ilikuwa mwethya. Mkamba hahitaji kuelezwa, lakini wengine wenu mmekulia Nairobi: mwethya ni kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu. Leo wote tunachimba kwako, kesho wote tunachimba kwangu. Majembe yalikuwa yakipanda na kushuka, mtu mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia.

Kwenye kivuli cha tangi la maji alikaa mwanamke wa makamo juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, fimbo kando yake. Magotini alikuwa na simu kubwa ya kisasa. Miguuni alikuwa na kiondo, yaani kikapu cha kusukwa, na ndani ya kiondo kulikuwa na simu. Simu tupu! Zile ndogo za tochi tunazoita mulika mwizi, zimejazana kama viazi, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Nikiwa bado nasalimia, moja ikalia. Akaingiza mkono, akaitoa bila kutafuta, akasoma ujumbe, kisha akapaza sauti kuelekea mtaroni.

"Mbinya! Bwanako anauliza kama mbuzi imezaa!"

Mwanamke mmoja akainuka, udongo mpaka kwenye nyusi. "Mwambie imezaa mapacha!"

"Mapacha!" mtaro mzima ukaitikia, na mwingine akaongeza kwamba amtumie na pesa ya chumvi. Mama Kasiva akaandika jibu, akarudisha simu kiondoni. Nikauliza inakuwaje simu zote ziko kwake. Akashangaa swali langu. Nani anachimba akiwa na simu mfukoni? Itaanguka, itaingia udongo, na mwenye simu atasimama kila mara kuongea huku wenzake wanatoka jasho. Kwa hivyo mtu akifika anaweka simu kiondoni, na siku ya kuagiza mbegu ilikuwa hivyo hivyo. Simu ndogo hazina intaneti. Namba ya siri ilikuwa inaingia kwa ile ndogo, yeye anaiandika kwa ile kubwa, anaita jina, mwenyewe anajibu kutoka mtaroni anataka mbegu kiasi gani, na wote wanasikia.

"Mama," nikamwambia, "ile karatasi ya kituoni uliisoma?"

"Niliwasomea hawa wote. Wengine hawajui kusoma."

"Na ukafanya hivi?"

"Sikumpigia mtu simu nikamdanganya. Sikumwomba mtu namba. Simu wameweka wenyewe." Akaipangusa skrini kwa leso. "Madam, unaona hii nyonga yangu? Ilikataa miaka miwili iliyopita. Siwezi kushika jembe. Na kwa mwethya sheria ni moja, mwenye hachimbi hachimbiwi. Nilijua nimetoka. Nikakaa nyumbani nikingoja shamba langu liende na maji. Halafu hawa wakaja kwangu na majembe. Wakasema, Kasiva anajua kusoma, ashike simu, hiyo ndiyo itakuwa zamu yake. Hii simu ndio jembe yangu. Mkininyang'anya, nani atanichimbia?"

Machozi yakamtoka. Wale wa mtaroni waliona, na wimbo ukakatika. Mimi niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimetumia miaka mingi kuuliza mtu ni nani, na huyu hapa alikuwa anajulikana na watu wote waliomzunguka, kwa sauti, kwa jina na kwa udongo. Mfumo wetu peke yake ndio haukumjua. Lakini pia nilimkumbuka mzee wa Mtito Andei, kama nilivyoambiwa, na sikujua nitaiambia nini kamati.

Ijumaa kikao kilifanyika kituoni Kambu. Wanawake walikuja wote, na askari akawaambia waache majembe nje. Mama Kasiva alikaa mbele, kiondo mapajani, na juu ya kichwa chake ukutani ilikuwa ile karatasi yangu. Meneja alizungumza kwa upole. Aliwasimulia habari za yule mzee, alivyotoa namba, alivyopoteza mbegu, alivyolia. Akasema sheria ile imewekwa kwa ajili yake na ya wengine kama yeye, na sheria ikipinda kwa mmoja itavunjika kwa wote. Wanawake walitikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akasema, "Maskini mzee wa watu."

Kisha Mbinya, yule wa mbuzi, akainua mkono. "Bwana Meneja, samahani. Huyo mzee alimpa namba nani?"

"Kijana fulani, kwa simu."

"Akiwa na nani?"

"Peke yake."

"Nani alisikia?"

"Hakuna mtu."

"Ndiyo hapo," Mbinya akasema. "Aliibiwa kwa sababu alikuwa peke yake. Sisi tungekuwa pamoja naye, tungemwambia, mzee, kata simu. Kasiva akitaka kuniibia, ataniibia mbele ya hawa wote? Kidole kimoja hakivunji chawa." Na akaketi.

Meneja hakujibu kwa hasira, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alinigeukia akauliza swali ambalo ningetaka kila mkubwa wa kazi aulize: "Madam, kompyuta inaweza kujua tofauti? Kati ya Kasiva na yule kijana?"

"Kwa sasa haiwezi," nikamwambia. "Kwa sasa Mama Kasiva akiingia kwa namba ya Mbinya, kompyuta inaandika Mbinya ameingia. Si kweli, hata kama hakuna aliyeibiwa. Tumekuwa tunampitisha kwa mlango wa wenzake kwa sababu hatukumjengea wa kwake. Tumjengee."

"Mbegu zinaondoka Jumatatu."

"Basi itabidi iwe kabla ya Jumatatu."

Kamati ikaahirisha uamuzi. Haikumsamehe, iliahirisha tu. Mlango usipofunguka Jumatatu, jina lake linafutwa na mbegu za kikundi zinapewa wengine. Mama Kasiva alitoka akichechemea, hakuniangalia.

Mwanzia alikuja kazini Jumamosi bila kuitwa. Alikuwa amenuna. "Madam, kodi yangu haikukosea. Ilifanya kile iliambiwa," akasema. Nikamjibu kwamba ni kweli, na Mutinda naye hakukosea aliponizuia getini, lakini alinipa nafasi ya kutoa barua. Akacheka kidogo, tukaketi.

Maktaba ile ina amri ya kumbandikia mtu ruhusa ndani ya tokeni yake. Mama Kasiva angeingia kwa namba yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na tokeni yake ingesema: huyu ni mshika simu wa kikundi hiki. Kila agizo lingeandikwa kwamba Kasiva ameandika kwa niaba ya Mbinya. Kumbukeni kwamba nafasi ya ruhusa ndani ya tokeni ni ndogo. Mwanzia alitaka kuweka majina ya wanakikundi wote humo, na maktaba ikamkatalia. Tukaweka alama ya kikundi na cheo chake tu, majina yakabaki kwenye hifadhi yetu wenyewe. Na ili kumlinda mzee kama yule wa Mtito Andei, tukaweka sharti la kujiunga: mwanachama mpya anatumiwa namba mara moja tu, anaisoma kwa sauti mbele ya kikundi, mshika simu anaiandika, na wenzake wawili wanathibitisha kila mmoja kwa simu yake ndogo. Mwanzia ndiye aliyefikiria hao wawili. "Mashahidi, Madam," akasema, "kama harusi."

Jumatatu asubuhi tulizifungua tena akaunti zote, kisha tukambandikia ruhusa, nikampigia Mama Kasiva. "Fungua sasa, mama."

Nikasikia kidole kikigonga skrini. Kisha, "Imekataa. Inasema sina ruhusa."

Nikamwambia Mwanzia alivyosema. Mwanzia akakunja uso, halafu akajipiga paji la uso. Tokeni! Alikuwa bado na tokeni ya nusu saa iliyopita, alipoingia kujaribu kabla hatujambandikia ruhusa. Ruhusa mpya haiingii kwenye kikaratasi cha zamani, inabidi upewe kipya. "Mama," nikasema, "toka kabisa, halafu uingie tena."

"Nitoke?" Sauti ikapanda. "Si mlisema mnanirudisha?"

"Toka kwenye simu, mama! Si kwenye kikundi! Bonyeza pale pameandikwa toka, kisha ingia upya."

Nilisikia pumzi yake, fimbo ikigonga kitu, simu moja ikilia kiondoni bila kujibiwa. Halafu akasema polepole, "Imeandika jina langu." Kisha kwa nguvu, si kwangu: "Imeandika jina langu! Kasiva, mshika simu! Mbinya, unataka mbegu kiasi gani?" Na wale wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Mwanzia aligeukia dirishani, eti vumbi limemwingia machoni. Mzee Kimeu angemletea pampu.

Mbegu ziliondoka na lori mchana huo, na mvua haikuchelewa. Kamati ikafuta shauri lote, na Meneja akaenda mwenyewe Kambu siku ya soko akamsalimia Mama Kasiva kwa mkono, mbele ya watu, ili waliosema waone. Karatasi ya ukutani niliitoa, nikaandika nyingine: NAMBA YAKO ISOMWE MBELE YA KIKUNDI, AU ISISOMWE KABISA.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya mwisho, baada ya soda na hotuba, nilimwomba Mwanzia anifungie akaunti yangu nikiwa nimesimama nyuma yake, maana ndiyo taratibu na sikutaka ifanywe kisirisiri. Aliandika namba yangu, akaita amri. Nikamwambia, "Usisahau kufuta na tokeni." Akajibu bila kugeuka, "Nishafuta, Madam. Ulinifunza." Nilirudi mezani kwangu nikabonyeza kitufe, na mfumo nilioujenga ukaniuliza mimi ni nani. Ulikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo niliingia chooni, nikalia, nikanawa uso, ndipo nikawaaga.

Nikahamia kule bondeni, kwenye shamba la mume wangu. Mvua moja tu ilinionyesha kwamba peke yangu silimudu: maji yalipita katikati na kuacha korongo la kumfikia mtu kiunoni. Nikaenda kwa Mama Kasiva kama mtu yeyote, nikaomba kuingia mwethya. Hakunijibu hapo hapo. Alisema wataongea. Nilirudi nyumbani nikijiuliza, mwanamke wa kompyuta, mikono laini, watanitaka wa nini?

Alhamisi wakaniita. Walikuwa wanachimba kwa Mbinya. Nikaweka simu yangu kiondoni, na Mama Kasiva akaifunga uzi wa njano. Akabonyeza bonyeza kwenye ile kubwa. Simu yangu ikalia humo ndani. Akaitoa, lakini hakuisoma. Alininyooshea.

"Soma," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliandika sheria."

Nikasimama ukingoni mwa mtaro. Majembe yakatulia, nyuso zote zikanielekea. Miaka yote niliwaambia watu wafiche namba hii, na sasa niliitazama tu skrini mpaka Mbinya akasema, "Soma, mama, usiogope, tuko hapa." Nikaisoma tarakimu moja moja, kwa sauti. Wanawake wawili wakaingiza mikono kiondoni, wakabonyeza kuthibitisha. Mama Kasiva akaangalia skrini kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

"Umeingia, Ndunge," akasema. "Sasa shika jembe."